Juma la Hawe

Tulipokuwa tunarudi kutoka kumzika Hawe, adhana ya Ijumaa ilisikika kutoka upande wa Gongoni. Karisa alikuwa mbele yangu, jembe begani, mwanamume mzima mwenye ndevu, anawaeleza wenzake habari za pikipiki yake inayokataa kuwaka asubuhi. Sauti ya kipaza ilipotufikia alinyamaza katikati ya neno, akainua kidevu kidogo, akameza. Hakuwa na kitu kinywani. Alimeza tu, kisha akaendelea na pikipiki yake pale pale alipoiacha. Nikamsogelea nikamuuliza, "Karisa, umemeza nini?" Akageuka akacheka. "Mimi, mama mdogo? Labda vumbi." Nikaona kweli hajui. Mwili wake unakumbuka kitu ambacho yeye mwenyewe amekisahau, na aliyekijua zaidi yetu sote tulikuwa tumetoka kumfukia. Nilitaka kumwambia pale pale, lakini watu walikuwa wengi, nami tangu utotoni watu wakiwa wengi ulimi wangu huwa mzito. Nikaingia jikoni kuwasaidia wanawake kupakua wali, na kila sahani niliyoipakua ilinirudisha mwaka ule.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, niko tu nyumbani Rabai, nilipotumwa Gongoni kumsaidia dada yangu. Mwanawe Karisa alikuwa na saratani ya damu. Alikwisha kulazwa miezi mingi Mombasa, akatundikiwa maji ya dawa mpaka nywele zote zikamtoka, na sasa madaktari walisema ugonjwa umelala, ila ni lazima aendelee na dawa za vidonge nyumbani kwa muda mrefu ili usiamke tena. Dada alikuwa mjamzito. Hospitali walimwambia dawa zile ni kali, mwanamke mwenye mimba asizishike, asifue hata nguo alizotapikia mtoto. Kwa hiyo yeye akarudi kwetu Rabai kujifungua, nami nikaenda kwake. Tulipishana kama watu wanaobadilishana zamu. Aliniambia neno moja tu: "Dama, usikae ukamwangalia. Mguse. Joto lake utalijua kwa mkono." Basi mwaka ule wote nilimgusa. Nikipita na ndoo nilimgusa paji la uso, nikitoka kuchochea moto nilimgusa, mpaka akawa anaukwepa mkono wangu kama mbuzi. "Mama mdogo, mimi si chungu! Kila saa unaangalia kama nimeiva!"

Nyumba ilikuwa nyuma ya mabwawa ya chumvi, na pale kila kitu cha chuma huliwa na hewa. Mabati yalikuwa mekundu, bawaba za mlango zilikuwa zikilia, sufuria zilitoboka kabla ya wakati wake. Baba yake Karisa, shemeji yangu Kahindi, alikuwa akikwangua chumvi kiwandani na kulala huko huko, akija nyumbani Jumamosi na Jumapili na nyayo zilizopasuka. Siku zilizobaki tulikuwa watatu: mimi, Karisa na Hawe, mama yake Kahindi. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na sisi sote tulimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe kama chumvi yenyewe, meno ya mbele hana. Chumba cha Karisa kilikuwa ndicho kisafi kuliko vyote. Chandarua kilifuliwa mara kwa mara, maji yake yalichemshwa, kijiko chake kilifungwa uzi mwekundu mpini ili kisichanganyike na vya watu wengine. Embe mbichi alikatazwa, na chochote kilichouzwa barabarani alikatazwa. Alikula uji wa mtama, sima na samaki aliyeiva mpaka akakauka, na maharagwe ya nazi akiwa na bahati. Mimi nilipika. Dawa sikuzigusa. Hawe alisikia hospitali kwamba mwanamke mwenye mimba asizishike, akaamua mwenyewe kwamba hata msichana ambaye siku moja atabeba mimba asizishike. "Mimi tumbo langu limefunga duka," alisema. "Zitanifanya nini?" Akavaa glavu zile za hospitali, akazificha chupa ndani ya sanduku lake la bati, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.

Dawa zilikuwa za aina mbili. Moja ni nusu kidonge kila jioni. Nyingine ni vidonge vidogo vya manjano, kadhaa kwa pamoja, na hivi vya manjano tulionywa sana juu yavyo. Siku tuliyopewa hospitalini nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Muuguzi alikuwa mwanamke wa mji wa kale, tulimwita Sista Zuhura, mwenye Kiswahili kile kilichojaa, hata kukugombeza alikugombeza kwa adabu. Alimshika Hawe mkono. "Bibi yangu, tusikizane. Hii ya manjano inaua ugonjwa, na ikizidi inaua na mwenye ugonjwa. Si ya kila siku. Ni mara moja tu kwa juma. Juma hadi juma. Umefahamu?" Hawe akatikisa kichwa kwa makini sana. "Jumwa hadi jumwa." "Ewaa," akasema Sista. "Siku ile ile, usiiruke." "Jumwa siiruki mimi tangu nizaliwe," akasema Hawe, na Sista akacheka, akampongeza, akasema laiti wazazi wote wangekuwa na usikivu kama huo. Tukatoka pale tumefurahi. Watu wawili walikuwa wamesemezana na wamekubaliana, ndivyo ilivyoonekana.

Wiki za mwanzo zilikwenda, halafu kinywa cha Karisa kikaanza kuchubuka. Kwanza pembeni mwa midomo, kisha ndani ya mashavu, kisha ulimi. Uji ukawa moto kwake hata ukiwa baridi. Akaacha kuukwepa mkono wangu, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikaenda bombani na ndoo isiyohitaji kujazwa. Na bombani ndiko nilikosikia. Jirani yetu Mama Riziki alikuwa akisuuza mtungi wake, akizungumza na mwenzake kana kwamba mimi ni mti.

"Mtoto alirudi kutoka Mombasa mzima. Mzima! Anacheza. Sasa mtazame."

"Dawa hizo, labda."

"Dawa gani? Mombasa alikunywa dawa hakuoza kinywa. Hapa kila akiingizwa chumbani kwa yule ajuza, mlango unafungwa, akitoka anatapika. Mimi nina macho. Na mvi zile, wewe umeziona zile mvi?"

"Shh. Yuko binti yao hapo."

"Na asikie. Akamwambie Kahindi, kama mwenyewe hajui anachofanyiwa mwanawe."

Nilirudi na ndoo nusu. Kwetu maneno kama yale si porojo ya bombani tu. Kila mtu wa pande zile anamjua mzee aliyeanza kusemwa hivyo kuwa ni mchawi, kwa mvi zake na macho yake mekundu ya moshi, na mwisho wake haukuwa mzuri. Tangu siku hiyo nikawa na joto la watu wawili la kulichunga. Nilimgusa Karisa paji la uso, nikageuka kumtazama Hawe alikuwa wapi, na ni nani aliyekuwa akipita njiani. Yeye mwenyewe hakujua lolote. Aliimba akichambua mchunga, akaniambia mboga hii chungu ndiyo inayosafisha damu, akasikitika kwamba mjukuu wake hawezi kuimeza.

Jumamosi moja Kahindi alikuja mchana. Nilikuwa napakua maharagwe. Alivua viatu vyake vya mpira, akakaa, akamtazama mwanawe aliyelala mkekani amegeukia ukuta, kisha akamwambia mama yake, "Leo si ndiyo siku ya ile dawa ya manjano? Jumamosi iliyopita ulimpa nikiwa hapa."

"Leo bado," akasema Hawe. "Kesho. Kesho ndiyo jumwa."

"Kumbe mmehamisha Jumapili. Haya, nitakuwepo."

Akanyoosha sahani. Mimi nikabaki na upawa hewani. Yeye hakusikia, maana kiwandani siku zao ni za mshahara na za zamu. Mimi nilisikia. Wazee wetu wana juma lao, si hili la shuleni la siku saba. La kwao ni la siku nne: tatu za kulima, na ya nne ni jumwa, siku jembe linapopumzika. Hawe hakuwahi kuhesabu kwingine. Nikahesabu mimi, pale pale, na maharagwe yakidondoka sakafuni. Jumamosi iliyopita alimpa. Jumatano, nakumbuka, hakwenda shamba, alikuwa nyumbani, mlango wa chumba ulifungwa, na usiku Karisa akatapika. Na kesho Jumapili. Katika juma moja la hospitali mtoto alikuwa akimezeshwa mara mbili.

"Dama, unamwaga chakula," akasema Hawe kwa upole.

Kahindi alinifuata uani nikiosha vyombo. Aliongea chini chini, na yeye si mtu wa kuongea chini. "Shemeji, Mama Riziki amenisimamisha njiani. Sikumpenda alivyosema. Lakini niambie wewe unayekaa hapa. Mama anampa mtoto nini mle ndani?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa kinywani. Lakini nilimwona jinsi alivyoukaza mdomo, nikajua nikisema "anamzidishia dawa", neno "anazidisha" litatoka nalo uani, litafika bombani, litafika kiwandani, na hakuna atakayelifuata kuliongezea maelezo. Na mimi ni nani pale? Mdogo wa mkewe, mgeni katika mji wa watu, msichana wa kumsahihisha mama mkwe wa dada yake. Nikasema, "Anampa dawa za hospitali, shemeji. Kesho twende tumrudishe Karisa akapimwe. Kinywa si kizuri." Akageuka kurudi ndani. "Kesho," akasema.

Sikulala. Asubuhi nilipomsikia Hawe akifungua sanduku la bati, niliingia chumbani bila hodi. Alikuwa ameketi kitandani, glavu mkononi, vidonge vya manjano vimekaa kwenye kijiko chenye uzi mwekundu. Karisa alikuwa mbele yake amefumba macho. Nikasimama. Hawe akasema, "Ai, Dama! Umeingiliwa na nyuki?"

"Hawe," nikasema, "kutoka jumwa hadi jumwa ni siku ngapi?"

"Nne. Unaniuliza kitu anachokijua mtoto wa kunyonya."

"Na kutoka Ijumaa hadi Ijumaa?"

Akaanza kufungua vidole, akacheka, akaacha. Ile glavu nyeupe ilibaki hewani, vidole vimesimama. Nikamwambia taratibu kwamba Sista Zuhura hakusema jumwa. Alisema juma, lile la Waislamu na la shule na la mshahara wa Kahindi.

"Na tofauti yake ni nini?"

"Siku tatu, Hawe."

Alikitazama kijiko. Kikaanza kuinama, vidonge vikateleza ukingoni, nikakichukua kijiko mkononi mwake, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa karibu na zile dawa. Hakulia. Alijiinua, akakaa juu ya sanduku kana kwamba analizuia lisifunguke tena. "Basi wanavyosema ni kweli," akasema. Nikashtuka kwamba kumbe alijua. Siku zote zile akiimba na mchunga wake, alijua. "Wanasema ninamla. Nami nilikuwa ninamla kwa kijiko."

Hospitalini walimtoa Karisa damu, wakarudi na nyuso zilizobadilika. Damu yake ilikuwa imeshuka sana. Wakamlaza, wakamtundikia maji na dawa ya kuizimua ile nyingine. Tuliketi kwenye benchi la ukumbi, watu wamejaa, daktari kijana akasimama mbele yetu akasema, "Hii dawa imezidishwa. Nani amekuwa akimpa?" Kahindi aliinuka. Hakumjibu daktari. Alimgeukia mama yake. "Mama." Alilitamka hilo tu, lakini namna alivyolitamka watu wa benchi lote walitugeukia. Hawe alikuwa akikusanya leso yake magotini, akiikusanya na kuikusanya, kama mtu anayejiandaa kuondoka mahali.

"Si mtu, shemeji!" nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoikusudia, mtoto wa watu akaanza kulia. "Si mtu. Ni neno."

Nikaeleza nimesimama, mbele ya benchi zima, nikihesabu vidole: Jumamosi, Jumatano, Jumapili. Sista Zuhura alikuwa amefika mlangoni na trei mkononi. Aliiweka chini. "Subhanallah," akasema. "Jumwa. Akaniambia jumwa hadi jumwa, nami nasema ewaa." Akaenda akapiga magoti mbele ya Hawe, yeye na sare yake. "Bibi, mimi nimezaliwa pwani hii. Shuleni nimekaa dawati moja na kina Jumwa, wasichana walioitwa kwa siku hiyo, nimecheza nao. Sikusikia. Unisamehe." Hawe alimtazama kama anayetazama mtu mwendawazimu. Kahindi aliketi tena, pole pole, safari hii ubavuni mwa mama yake, akachukua ile leso iliyokunjika akainyoosha juu ya magoti yake.

Karisa alipoanza kupata nafuu, daktari alisema hatakubali dawa zirudi mikononi mwa bibi. Ama nimpe mimi, na glavu zangu, ama mtoto abaki wodini mpaka matibabu yaishe. Kahindi akasema Dama atampa. Nikakubali. Hawe alikuwa amesimama dirishani, hakugeuka. Ndipo Karisa aliposema kutoka kitandani, kinywa bado kinamuuma, "Kwa mama mdogo simezi." Tukamuuliza kwa nini. "Yeye hafungui mdomo." Hatukuelewa, mpaka alipoonyesha. Kumbe kila mara Hawe akimpa, yeye mwenyewe alifungua kinywa chake kile kisicho na meno, wazi kabisa, akasema "Ng'wa!", na Karisa akicheka vidonge vinaingia. Daktari alijaribu kutocheka. Sista Zuhura akasema, "Basi bibi atampa, na Dama atachunga siku. Tuchague siku."

"Siku zenu zote zinafanana," akasema Hawe, bado yuko dirishani. "Jumwa naijua kwa jembe. Nipeni siku yenye sauti."

Sista ndiye aliyeelewa kwanza. "Ijumaa," akasema. "Adhana ya siku hiyo ina hotuba nyuma yake, utaisikia mpaka shambani."

Ijumaa ya kwanza baada ya kuruhusiwa na hospitali kuanza tena, Kahindi aliomba ruhusa kiwandani. Alitoa kiti cha Hawe chumbani, akakiweka katikati ya ua, mahali ambapo kila anayekwenda bombani lazima apaone. Tukasubiri. Sijui kama nimewahi kuisubiri adhana kama siku ile, mimi ambaye si Mwislamu, nikizunguka ua, nikimgusa Karisa paji la uso, akinipiga mkono. Sauti ilipokuja Hawe alivaa glavu, akafungua kinywa chake mbele ya dunia nzima. "Ng'wa!" Karisa akameza. Mama Riziki alikuwa amesimama njiani na mtungi.

"Kumbe ni vidonge tu," akasema.

"Ulidhani ni nini?" akauliza Kahindi.

"Mimi? Mimi sikudhani kitu." Akaenda zake. Wiki iliyofuata alileta tende, akasema zimebaki tu nyumbani, zinamharibikia. Hawe alizichukua, akazichemsha kwanza kama walivyotufundisha hospitali, zikawa uji. Sisemi kwamba yaliyosemwa bombani yalikwisha. Kwa miezi mingi nililala sikio moja liko njiani. Na kila safari ya kupima damu nilizunguka ukumbini mpaka Sista atoke niusome uso wake. Lakini Ijumaa zilikwenda, na jumwa zake pia hakuziacha. Alizihesabu pembeni, kwa ajili ya jembe. Mara chache siku hizo mbili ziliangukia pamoja, na hapo Hawe alifurahi kuliko siku ya sikukuu. Alimpa mjukuu wake dawa, akavua glavu, akasema, "Leo mimi na hospitali tumesikizana."

Nilikuwa bado ninapakua wali jikoni, siku ya maziko, nikiyawaza haya, mwanamke mmoja mzee aliyekaa karibu na moto alipomwambia mwenzake kwamba kesho asubuhi ndipo watarudi mashambani, maana leo ni jumwa. Upawa ukasimama mkononi mwangu. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kuhesabu. Ilikuwa kweli: Ijumaa na jumwa, siku moja. Nikauweka upawa chini, nikatoka uani kwenye jua. Karisa alikuwa katikati ya kundi la wanaume, ameinamia pikipiki yake. Nikapenya mpaka nikamfikia, na mbele ya watu wote wale, nikafungua mdomo wangu wazi kama Hawe, na kwa sauti iliyosikika nikamwambia afungue wake.